Mbwana Samatta na Kazi ya Fowadi

Ikifika saa kumi na nusu ya jioni, watu wameshasali Alasiri na jua limepungua ukali, hapana kiwanja Mwanakwerekwe kisicho na watoto wanaocheza mpira. Wenye viatu huvaa, wasio navyo hucheza miguu mitupu, na magoli huwa ni mawe mawili au mikoba ya skuli. Ukiwatazama kwa makini utaona jambo moja: karibu kila mmoja wao anataka kuwa fowadi. Golikipa aghlabu ni yule mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa na nguvu ya kukataa.

Mimi nasomesha historia katika skuli hii, na jioni husimamia mpira. Kwa sababu ya kazi zote mbili, nimeulizwa suali moja mara nyingi kutoka pande mbili. Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, kwani mpira si kazi kama kazi nyengine?" Na wazee wao huniuliza, "Mwalimu, huu mpira utamlisha huyu?" Wanafunzi hutaka niseme ndiyo, na wazee hutaka niseme siyo. Nimeona ni bora nijibu hapa, katika gazeti letu, kwa kueleza maisha ya kazi ya mtu mmoja. Jina lake linajulikana na kila mtoto, lakini njia aliyoipita haijulikani na wengi. Mtu huyo ni Mbwana Ally Samatta.

Fowadi ni mtu gani?

Kabla ya kumtazama Samatta, yafaa kwanza tujue kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kazi ya fowadi ni kupiga mpira ukaingia golini. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya kazi yake. Mechi ina dakika 90, na katika dakika hizo fowadi mzuri huenda asiguse mpira kwa zaidi ya dakika mbili au tatu zikijumlishwa. Wakati wote uliobaki anafanya kazi bila ya mpira: anakimbia, anamvuta beki atoke mahali pake, anasimama pale ambapo mpira haujafika lakini utafika.

Kazi hii imebadilika kwa miaka mingi. Tarehe 30 Novemba 1872, timu za Uskoti na Uingereza zilipokutana mjini Glasgow katika mechi ya kwanza baina ya mataifa, Waingereza walikuwa wakicheza kwa kukokota mpira. Mtu mmoja huuchukua na kukimbia nao mpaka anyang'anywe. Waskoti walikuwa wepesi kwa miili, wakaona hawataweza kushindana kwa mabavu, basi wakapeana pasi. Mechi iliisha bila ya goli, lakini mchezo wa pasi ukaenea duniani, na ndio tunaoucheza hadi leo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Uskoti ilikuwa na mafowadi mashuhuri. Mmoja wao alikuwa Jimmy Quinn wa Celtic, aliyezaliwa mwaka 1878 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe kinachoitwa Croy. Mwaka 1904, katika fainali ya Kombe la Uskoti, Celtic walikuwa nyuma kwa magoli 2 dhidi ya Rangers. Quinn akatia magoli 3 peke yake na Celtic wakalichukua kombe. Kwa fowadi wa zama hizo kazi ilikuwa ngumu zaidi ya leo, kwani sheria ya kuotea ilikuwa kali. Mchezaji alihesabiwa ameotea ikiwa wapinzani waliobaki baina yake na mstari wa goli ni chini ya watatu. Mwaka 1925, kwa pendekezo la chama cha mpira cha Uskoti, idadi hiyo ikapunguzwa ikawa wawili. Matokeo yake yalionekana mara moja. Katika Ligi ya Uingereza magoli yalikuwa 4,700 katika msimu wa 1924–25, na msimu uliofuata yakapanda hadi 6,373.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Wanafunzi wetu wengi wanaojiita mafowadi hawaijui vyema sheria ya kuotea, na hulalamika kila bendera inapoinuliwa. Sheria ndicho kifaa cha kazi cha fowadi, kama vile utepe ulivyo kwa fundi cherehani. Asiyejua kuupima uwanja kwa macho hatafika mbali, hata akiwa na mbio za swala.

Mwanzo wa Samatta

Mbwana Samatta alizaliwa Disemba 1992 na alikulia Mbagala, Dar es Salaam. Alianza katika timu ya huko huko mtaani, Mbagala Market, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa African Lyon. Kutoka hapo akachukuliwa na Simba. Alikaa Simba muda mfupi tu, na hapa ndipo penye somo la kwanza.

Mwaka 1911 au 1951, kijana wa Pwani asingeweza kuonekana na watu wa mbali hata angecheza vipi. Lakini mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya vilabu bingwa vya Afrika. Mazembe ilikuwa katika utukufu wake. Mwaka mmoja kabla, huko Abu Dhabi, ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ikafungwa na Inter ya Italia magoli 3 kwa 0. Wakubwa wa Mazembe waliiona Simba ikicheza, wakamwona kijana mwembamba mwenye mbio. Mwaka huo huo wakamsajili. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Watanzania wengi wakati ule walishangaa. Walisema, kijana huyu badala ya kungoja Ulaya anakwenda Kongo? Lakini Samatta alikwenda, na alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne. Nataka wanafunzi waizingatie idadi hiyo ya miaka. Mtu anayeangalia kwa mbali huona nyota imetokea ghafla. Ukweli ni kuwa nyota hiyo ilikuwa ikifanya mazoezi Katanga kila siku tangu 2011, katika timu iliyojaa wachezaji wa Zambia, wa Ghana na wa Kongo yenyewe, ambapo nafasi ya kucheza haigawiwi kwa sababu ya jina la mtu. Na alikuwa na bahati moja: Lubumbashi ni mji unaosema Kiswahili, ingawa Kiswahili chao kina ladha yake.

Mwaka 2015 matunda yakaiva. Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria. Katika mechi ya kwanza, huko Algiers, Mazembe ilishinda magoli 2 kwa 1, na Samatta alitia moja kwa penalti. Katika mechi ya marudiano Lubumbashi, tarehe 8 Novemba, matokeo yalikuwa 2 kwa 0, na goli la kwanza lilikuwa lake, tena kwa penalti. Alimaliza mashindano hayo akiwa na magoli 7, sawa na mfungaji mwengine mmoja tu aliyekuwa juu ya orodha pamoja naye.

Penalti watu huidharau. Husema, "Lile si goli, ni penalti." Basi mtu ajaribu kuipiga mbele ya maelfu ya watu wa Algiers wanaomzomea, katika fainali, naye ana miaka 22. Hatua ni 12 kutoka mstari wa goli, lakini miguu huwa mizito kama iliyofungwa mawe. Atakayeweza kuipiga wakati ule ni yule aliyeipiga mara elfu wakati hapana anayemwangalia.

Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Afrika ya Mashariki kuipata heshima hiyo. Mwaka huo huo akapewa unahodha wa timu ya taifa, Taifa Stars, akiupokea kutoka kwa Nadir Haroub, ambaye sisi wa Unguja tunamjua vyema kwani ni mtoto wetu.

Safari ya Ulaya

Mwezi ule ule wa Januari 2016 alikwenda Ubelgiji kuchezea klabu ya Genk. Genk ni mji mdogo uliokua kwa sababu ya migodi ya makaa ya mawe, na wakaazi wake wengi ni wajukuu wa watu waliotoka nchi nyengine kuja kuchimba. Si mji wa fahari kama London au Paris. Lakini klabu yake inajulikana kwa kuwalea vijana mpaka wakaiva.

Huko alikaa miaka minne. Agosti 2018 alitia magoli 3 katika mechi moja dhidi ya Brøndby ya Denmark. Msimu ule wa 2018–19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, na Samatta alitia magoli zaidi ya 20 katika ligi. Mwaka 2019 akapewa Kiatu cha Ebony, ambayo ni zawadi wanayopewa wachezaji bora wenye asili ya Afrika nchini humo. Vincent Kompany na Romelu Lukaku waliwahi kuipata zawadi hiyo kabla yake.

Ubingwa wa Ubelgiji uliwapeleka Genk katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, na Septemba 2019 Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kutia goli katika mashindano hayo, dhidi ya Salzburg ya Austria. Usidhani ilikuwa siku ya furaha. Genk walifungwa 6 kwa 2. Mwezi uliofuata Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, walikuja Genk. Samatta aliuweka mpira wavuni kwa kichwa, watu wakashangilia, kisha marefa waliokaa mbele ya televisheni wakalifuta goli kwa sababu mwenzake aliyetoa krosi alikuwa ameotea. Angeweza kukasirika na kupotea katika mchezo wake. Lakini tarehe 5 Novemba 2019, uwanjani Anfield, ilipigwa kona, akaruka na kutia goli kwa kichwa, na safari hii hapakuwa na la kuotea, kwani mpira ukitoka moja kwa moja katika kona hapana anayehesabiwa ameotea. Liverpool walishinda 2 kwa 1, lakini goli lile lilifungua mlango.

Tarehe 20 Januari 2020 alisajiliwa na Aston Villa ya Birmingham. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza Agosti 1992, miezi minne kabla ya yeye kuzaliwa, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na Mtanzania aliyecheza ndani yake. Tarehe 1 Februari alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akatia goli. Tarehe 1 Machi alicheza fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley dhidi ya Manchester City. Villa walikuwa nyuma 2 kwa 0. Krosi ikaja kutoka upande wa kulia, Samatta akajirusha mzima mzima na kuupiga kwa kichwa ukaingia. Villa walifungwa 2 kwa 1, lakini usiku ule hapakuwa na nyumba Unguja wala Bara ambayo haikulizungumza goli hilo.

Sasa natakiwa niseme na upande wa pili, ambao hauandikwi katika fulana. Baada ya wiki chache mpira ulisimamishwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Ulipoanza tena, mambo hayakuwa mepesi. Kwa jumla Samatta alicheza mechi 14 za ligi akiwa Villa na kutia goli 1. Villa walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho, na Septemba 2020 akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Kutoka huko alikwenda kwa mkopo Antwerp, kisha kwa mkopo akarudi Genk. Mwaka 2023 alijiunga na PAOK ya Thessaloniki, wakawa mabingwa wa Ugiriki mwaka 2024, na mwaka 2025 akaenda Le Havre ya Ufaransa.

Wapo waliosema amekwisha alipoondoka Uingereza. Mimi naona kinyume. Mtu aliyeshuka ngazi moja, akabeba mkoba wake na kwenda kufanya kazi kwengine kwa bidii ile ile, akapata ubingwa mwengine akiwa na zaidi ya miaka 30, huyo ndiye anayeijua kazi. Wachezaji wengi wenye kipawa kuliko yeye walivunjika moyo mara ya kwanza walipowekwa benchi.

Kwa timu ya taifa nayo amefanya mengi. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dar es Salaam, Tanzania iliifunga Uganda 3 kwa 0 na kuingia Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Samatta alikuwa nahodha, ingawa siku ile wafungaji walikuwa wengine, na mmoja wao, Aggrey Morris, alipata pia kuichezea Zanzibar. Huko Misri Tanzania ilifungwa mechi zote tatu, lakini Samatta alitia goli dhidi ya Kenya. Katika mashindano yaliyofuata kwetu, Januari 2024 huko Ivory Coast, alimpa Simon Msuva pasi ya goli tulipotoka sare na Zambia.

Fedha na mkataba

Wazee watapenda zaidi sehemu hii. Zamani mchezaji alikuwa kama mali ya klabu. Kuanzia 1901 wachezaji wa Ligi ya Uingereza walikatazwa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata wakijaza uwanja. Kikomo hicho kilipandishwa kidogo kidogo, na kiliondolewa kabisa mwaka 1961. Mkataba ulipokwisha, klabu iliweza bado kumzuia mchezaji asiende kwengine. Aliyekivunja kifungo hicho ni Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, ambaye klabu yake ya Liège ilimzuia kuhamia Ufaransa. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Disemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikampa haki. Tangu hapo mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba anakwenda atakapo bila ya kulipiwa.

Ndiyo maana vilabu huuza wachezaji kabla ya mkataba kwisha. Ada ya Samatta kutoka Genk kwenda Villa iliripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Fedha hiyo hailipwi mchezaji. Hulipwa klabu anayotoka. Yeye hulipwa mshahara wake kwa mujibu wa mkataba. Na "mkopo" maana yake ni kwamba klabu moja inabaki na mkataba wake, na nyengine inamtumia kwa muda.

Liko jambo ambalo vilabu vyetu vya mitaani vingelijua vingeandika madaftari yao vizuri zaidi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa vilabu vilivyomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, klabu iliyomlea hustahiki robo ya asilimia moja. Kwa kila mwaka wa 16 hadi 23, nusu ya asilimia moja. Wanafunzi wa hesabu na wafanye hesabu hii: nusu ya asilimia moja ya pauni milioni 8.5 ni kiasi gani? Ni pauni 42,500, kwa mwaka mmoja tu wa kumlea kijana mmoja. Lakini klabu isiyomsajili mchezaji wake rasmi, isiyo na tarehe wala karatasi, haina cha kuonyesha na haitapata kitu. Kalamu ya katibu nayo hutia magoli.

Mtego uliopo njiani

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Katika mitaa yetu hupita watu wanaojiita mawakala. Humwambia kijana wa miaka 15 au 16 kuwa klabu ya Ulaya au ya Ghuba inamngoja, na kinachotakiwa ni fedha ya pasipoti, ya viza na ya "majaribio". Nimemjua kijana mmoja, mchezaji mzuri kweli, aliyeacha skuli akiwa Kidato cha Tatu kwa ahadi kama hiyo. Mama yake aliuza cherehani. Mtu yule aliichukua fedha na simu yake haikupatikana tena. Kijana aliona haya kurudi darasani, na kwa hivyo alipoteza vyote viwili.

Wazee na wanafunzi, tafadhalini yashikeni mambo matatu. Kwanza, kwa kanuni za FIFA, kwa kawaida mchezaji haruhusiwi kusajiliwa katika nchi nyengine kabla ya kutimiza miaka 18. Ziko hali chache zinazotolewa, kama vile wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, lakini mtoto wa Mwanakwerekwe kuitwa peke yake Ulaya akiwa na miaka 16 si mojawapo. Samatta mwenyewe aliondoka akiwa na miaka 18, na aliondoka kwa kuwa klabu iliyomtaka ilimwona akicheza. Pili, wakala wa kweli ana leseni anayoipata kwa kufanya mtihani, na jina lake linaweza kutafutwa katika orodha ya FIFA. Tatu, hapana wakala anayeruhusiwa kumshughulikia mtoto bila ya idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wake. Mtu akikwambia, "Usimwambie baba yako kwanza," mkimbie.

Jibu langu

Sasa nalijibu suali. Je, mpira ni kazi? Ndiyo, ni kazi, tena ngumu. Je, utamlisha huyu? Hapana anayejua. Nchi nzima ilingoja kutoka 1992 hadi 2020 kumpata mmoja wa kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wengine wengi wamepata riziki njema kwa kucheza hapa hapa. Feisal Salum, mtoto wa Unguja, alianzia JKU na akawa mchezaji wa kutegemewa Yanga, Azam na timu ya taifa. Hata wasichana wetu sasa wana njia: Clara Luvanga wa Tanzania anatia magoli Saudi Arabia katika klabu ya Al Nassr. Na uwanja wa Amaan, uliofunguliwa 1970 na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2023 baada ya matengenezo makubwa, uko karibu nasi kiasi cha kwenda kwa miguu. Mei 2025 tuliona hapo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika baina ya Simba na Berkane ya Morocco. Kijana anaweza kuonekana akiwa Unguja.

Lakini tazameni nchi alizofanyia kazi Samatta: Kongo, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki, Ufaransa. Kila mahali kuna lugha nyengine, na mkataba ulioandikwa kwa maneno mazito, na kocha anayechora ubaoni na kutaka aeleweke mara moja. Mtu aliyekimbia somo la Kiingereza na la hesabu atasaini asichokielewa. Tena kazi ya mpira huisha mapema. Wachezaji wengi huacha wakiwa na miaka 35 au hata kabla, na maisha yaliyobaki ni marefu kuliko yale ya uwanjani. Samatta analijua hilo. Mwaka 2018, pamoja na mwimbaji Ali Kiba, aliandaa mechi ya hisani kwa ajili ya kusaidia elimu.

Kwa hivyo kwa wazee nasema: msimfiche mtoto viatu vyake. Saa moja na nusu ya mpira jioni haimharibii mtu masomo. Kinachomharibia ni usiku wa simu. Njooni mumwangalie akicheza, ili akitokea mtu wa kumsifu mjue kama anasema kweli. Na kwa wanafunzi nasema: daftari lako liwe safi kama unavyotaka pasi yako iwe safi. Mwenye kuwa nyuma katika masomo muhula huu nitamweka nje ya timu mpaka ajirekebishe, hata akiwa ndiye fowadi wetu bora, na wazee wameniunga mkono katika hilo.

Mazoezi yataanza tena Jumatatu ya kwanza baada ya kufungua skuli, saa kumi na nusu. Tunahitaji golikipa wawili. Mafowadi tunao wa kutosha.